Viroboto Waliozoea Mrututu

Jumatatu, Machi 4

Binti yangu amenipa daftari hili leo asubuhi. Anasema nimezidi kusimulia habari za viroboto mezani watu wakila, kwa hiyo niwe naziandika humu ili chakula kiliwe kwa amani. Mama yake alicheka mpaka akapaliwa. Haya, naandika.

Kwanza niwatetee. Viroboto wangu si wale wa mbwa. Ni viroboto wa maji, ukoo wa kamba na kaa, ila mkubwa wao hafiki punje ya ulezi. Ukimweka chini ya darubini unauona moyo wake ukidunda, maana mwili wote unapenya mwanga. Kazi yangu katika kituo cha maji cha mji huu ni hii: nachota maji yanayotoka mtamboni kwenda kwenye mabomba ya watu, nayaacha wazi hadi klorini iishe, nayamimina kwenye bilauri, natia viroboto kumi. Baada ya siku mbili nahesabu. Wakiwa hai, najaza fomu, natia saini, mji unakunywa. Wakifa, napiga kelele. Miaka sita sasa sijapiga kelele hata mara moja.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Kumi hai.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Kumi hai. Binti ujauzito umemvimbisha miguu, mkunga anasema hamalizi wiki.

Jumamosi, Machi 9

Mjukuu wa kike! Kilo tatu na robo, na sauti ya king'ora cha kiwandani. Nilimwambia mama watoto kwamba amepata mke mwenza. Akanijibu, "Mchukue basi, na nepi zake uzifue wewe." Mkwe wangu yuko safarini kikazi, kapiga simu analia kama yeye ndiye aliyezaa. Sijaenda kazini. Nimeshinda namtazama tu.

Alhamisi, Machi 14

Tumeletewa mtaalamu kutoka chuo, atakaa nasi miezi mitatu. Ni binti wa umri wa mwanangu, na tayari nimempa jina: Msomi. Amekuja na viroboto wake mwenyewe, mitungi miwili ya kioo ndani ya boksi la barafu, kaikumbatia kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Nilimwambia hapa viroboto hatuna shida nao. Akasema, "Najua, baba, nimekuja na wangu tu wa kulinganishia." Kisha akachukua bilauri nilizoosha, akaziosha upya mbele ya macho yangu.

Mkuu wa kituo alimpokea kwa hotuba. Huyu tunamwita Mhuri, kwa jinsi anavyoupenda mhuri wake. Hata ombi la sabuni ya chooni analigonga mara mbili. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja na sijawahi kumwona akiamua jambo ambalo halijaamuliwa na mtu mwingine kwanza.

Kumi hai.

Jumatano, Machi 20

Mvua imekata ghafla. Siku sita za jua kali, na maji yenye tope na mbolea ya mashambani yametulia bwawani, basi mwani umeumuka. Bwawa lote kijani. Watu wanalalamika maji yananuka udongo. Fundi wa dawa ametia mrututu, yale mawe ya buluu ambayo ndani yake mna shaba, kuua mwani. Desturi ni magunia manne. Leo ametia tisa.

Nyumbani, maziwa ya binti hayatoshi. Kliniki wamempa ya kopo, ya kukoroga na maji. Mama watoto anayachemsha maji ya bomba mpaka sufuria inaimba.

Kumi hai.

Jumatatu, Machi 25

Jua. Mrututu tena, magunia sita. Mtoto tumbo linamsumbua, analia akikunja miguu. Kumi hai.

Jumatano, Machi 27

Jua. Mtoto bado. Kumi hai.

Jumanne, Aprili 2

Leo nitaandika kirefu, na sitaki mtu asome.

Jumapili Msomi aliweka bilauri mbili meza moja, maji ya mtamboni yale yale. Moja akatia kumi wa kwake, ya pili kumi wa kwangu. Nilipoingia leo asubuhi alikuwa ameinama juu yazo, hata salamu hakuitikia.

"Baba, wangu wamekufa wote. Na wako?"

Nikahesabu. "Kumi hai," nikasema, na nikiri kwamba nilisema kwa maringo. "Wako umewalea kama yai, mwanangu. Wangu ni wagumu, wamekulia humu humu bwawani."

Akainua kichwa. "Bwawani? Fomu zinasema walitoka maabara ya makao makuu."

"Ndiyo, makao makuu. Nina maana wamekulia hapa kituoni."

Alipanga bilauri sita za maji safi, akatia mrututu kidogo katika ya kwanza, mara mbili yake katika ya pili, mara mbili tena katika ya tatu, hivyo hivyo hadi ya sita. Kisha akafanya safu nyingine kama hiyo. Safu moja viroboto wake, safu moja wangu. "Tutaona kesho," akasema.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Miaka sita iliyopita umeme ulikatika siku tatu katika joto kali, na viroboto wa makao makuu wakafa wote mitungini. Kuagiza wengine kulichukua miezi miwili, na ningelazimika kuandika barua kueleza kwa nini niliwaacha wafe. Niliona haya. Nikachukua wavu na ndoo, nikashuka bwawani, nikavua wengine. Kwa macho ni wale wale. Kila wanapopungua narudi na wavu. Kwenye fomu naandika "makao makuu" kama kawaida, na natia saini.

Nilijiambia kiroboto ni kiroboto. Na kila mwezi tunawapima wenyewe kwa chumvi ya mezani, kuhakikisha si wagonjwa wala si sugu. Wangu wamekuwa wakifa kwa chumvi vizuri tu, kama kitabu kinavyotaka. Haikunijia hata siku moja kuwapima kwa mrututu.

Jumatano, Aprili 3

Viroboto wa Msomi wamekufa kuanzia bilauri ya kwanza. Wangu, katika ya tano, walikuwa wakirukaruka kama watoto waliofunga shule.

Msomi akavuta kiti. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionitisha.

"Baba, bwawa hili limetiwa mrututu kwa muda gani?"

"Tangu kabla sijaajiriwa. Miaka thelathini."

"Kiroboto anazaa akiwa na siku kumi. Miaka thelathini ni vizazi elfu moja. Binadamu vizazi elfu ni miaka elfu ishirini na tano."

"Kwa hiyo wameuzoea mrututu," nikasema.

"Hawakuuzoea. Ungezoea wewe pilipili, mwanao angezaliwa hajui. Hawa kila dawa inapotiwa, wasioiweza wanakufa. Wanaobaki ni wale ambao damu yao toka kuzaliwa inajua kuitoa shaba mwilini, na hao ndio wanaozaa. Watoto wanarithi. Mwaka unaofuata dawa inachuja tena." Akaigonga bilauri ya tano kwa ukucha. "Ukimtia huyu kwenye maji yenye shaba akuambie kama yana sumu, atakuambia ni shwari. Hadanganyi. Kwake ni shwari kweli."

Mlinzi wangu wa lango anafahamiana na mwizi! Nimewauliza hawa miaka sita, kila siku mbili, na jibu lao nimeligeuza saini yangu. Mashine ya kupima shaba ilipelekwa matengenezo mwaka jana, haijarudi. Makao makuu hupima mara moja kila miezi mitatu, na mara ya mwisho ilikuwa kabla ya haya magunia kumi na tano.

"Na binadamu?" nikamuuliza.

"Binadamu anastahimili shaba nyingi zaidi ya kiroboto. Mtu mzima. Kichanga ni jambo jingine. Ila kiasi gani kimo, baba, sijui. Hatuna cha kupimia." Kisha akauliza tena, bila kunitazama, "Walitoka wapi?"

"Makao makuu," nikasema. Mtu mzima na mvi zangu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama watoto akichemsha maji ya mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu. Shaba hakuitoi, maji yakipungua sufuriani, shaba inazidi. Na yeye, kwa kuona tumbo la mtoto haliponi, siku hizi anayachemsha mara mbili.

Alhamisi, Aprili 4

Nilidamka, nikafunga madumu mawili kwenye baiskeli, nikaenda hadi kisima cha pampu ya mkono upande wa pili wa mji. Mama watoto akanipokea mlangoni.

"Bomba lina nini?"

"Wanasafisha mabomba. Mtoto atumie haya."

"Wanasafisha mabomba, na wewe uko nyumbani?" Alinitazama kama anavyomtazama muuza nyanya aliyeweka nzuri juu.

Jioni nikaenda tena. Niliporudi, mke wa jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa uani kwake, na mwanawe wa miaka mitatu amekinga mdomo chini ya bomba, anakunywa huku maji yanamwagikia kifuani.

"Jirani, kwenu maji yamekatika?" akaniita. "Chukueni hapa kwangu, yanatoka vizuri tu. Unajitesa bure na baiskeli."

Nikasema asante. Nikasukuma baiskeli nikaingia ndani na maji yangu.

Nimekaa na daftari hili tangu wenzangu wale, mimi sikula. Najiona mdogo kuliko wale ninaowahesabu. Nimemwokoa wangu, nimemwacha wake, kwa sababu kumwambia yeye ni kuambia mji, na kuambia mji ni kusema habari ya wavu na ndoo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Ijumaa, Aprili 5

Nimesema.

Nilimngoja Mhuri mlangoni kwake. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini aliposema "Karibu" yote yakanitoka kwa mpigo: umeme, ndoo, fomu, viroboto wa Msomi, magunia kumi na tano, mjukuu, mtoto wa jirani. Niliongea nimesimama. Nilitarajia aniambie tusubiri maelekezo.

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Miaka sita umenipa karatasi za uongo nigonge."

"Ndiyo, mkuu."

"Hilo tutalizungumza, na halitakuwa zuri kwako. Lakini kwanza maji." Akanyanyua simu. Hakumpigia mkubwa wake yeyote. Alimpigia fundi wa dawa kwamba asitie hata konzi moja ya mrututu mpaka atakapoambiwa. Akapigia gari la matangazo. Akaandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: wananchi wasinywe maji ya bomba wala kuwapa watoto hadi watakapotangaziwa, magari ya maji yatapita mitaani. Akaligonga mhuri, mara moja, kwa nguvu mpaka kalamu ikaruka mezani.

"Wakubwa wakiuliza?" nikamwambia.

"Wakiuliza nitawaambia nilitisha watu bure. Afadhali hilo kuliko lile la pili. Wewe chota sampuli, panda gari langu, upeleke makao makuu mwenyewe. Usimpe dereva."

Miaka kumi na moja nimemcheka mtu huyu.

Msomi alinisaidia kubandika lebo kwenye chupa. Nikamwambia, "Ulijua tangu juzi, sivyo?"

"Nilijua tangu uliposema wamekulia bwawani."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikupa mpaka leo saa sita mchana, baba. Ingefika saa sita na dakika moja, ningesema mimi." Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nilikosea. Ilifaa nisikupe hata saa moja, watu wanakunywa. Nilikuonea huruma."

Basi tukawa wawili wenye makosa, tukapanga chupa kwenye boksi lake la barafu.

Jumamosi, Aprili 6

Mama watoto alisikia kwenye gari la matangazo. Mimi nilikuwa bado njiani. Nilipofika hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Tangu Jumatano?" akauliza.

"Tangu Jumatano."

"Na mimi namchemshia mtoto mara mbili, unanitazama."

Alhamisi nililala nikijifariji kwamba kwa mjukuu angalau nimefanya la maana. Kumbe chupa ya Jumatano jioni mtoto aliinywa yote nikiwa nimesimama pale pale, nikitafuta namna ya kusema.

Makao makuu hawafanyi kazi mwisho wa wiki. Jua.

Jumapili, Aprili 7

Hakuna jibu. Mawingu, lakini hayanyeshi. Binti hanisemeshi. Mtoto analia, hivyo yeye ndiye pekee anayenisemesha.

Jumatatu, Aprili 8

Simu ililia saa tano kasoro. Mhuri aliipokea, akatuita mimi na Msomi kwa kidole, akaiweka sauti wazi.

Sauti ya mwanamke wa maabara kuu ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya soko. Kikomo cha shaba katika maji ya kunywa, miligramu mbili kwa lita. Maji yetu, sifuri nukta sifuri tisa.

"Rudia," akasema Mhuri.

Akarudia. Haifiki hata sehemu ya ishirini ya kikomo. Machujio ya mchanga yamekamata sehemu kubwa, na iliyobaki ni ya kuua kiroboto asiyezaliwa hapa, si ya kumdhuru mtu, hata kichanga. Mhuri akamuuliza kuhusu ile miaka sita. Mwanamke akasema amekwisha kupekua kumbukumbu za chupa za kila miezi mitatu: zote chini ya hapo.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nikalia mbele ya mkuu wangu na mbele ya binti wa watu. Msomi alikaa sakafuni pembeni yangu akawa anasema "Haya, baba, haya, yamepita," na yeye mwenyewe pua inamtiririka. Mhuri alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alitafuta muda mrefu mno kwa droo ndogo kama ile.

Alichopata ni barua yangu. Onyo kali, na kwa mwaka mzima sitatia saini fomu yoyote. Atasaini Msomi na atakayemfuata. Aliigonga mhuri mara mbili. Niliipokea kwa mikono miwili, na nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la chumvi.

Jumatano, Aprili 10

Viroboto wapya wamefika kutoka makao makuu, nyeti kama jino bovu. Wale wa bwawani Msomi amewaomba kwa utafiti wake, anasema ni hazina, anataka kujua ni kitu gani hasa walichorithi. Nimemwandikia kila tarehe niliyoshuka na wavu, zile ninazozikumbuka. Kazi ya maana ya kwanza niliyofanya kwa kalamu katika miaka sita.

Mvua kidogo.

Alhamisi, Aprili 11

Sasa lile la tumbo. Kama si maji, ni nini? Binti alimpeleka mtoto kliniki, na mama watoto akaenda, na mimi nikafuata nyuma kwa adabu. Muuguzi alimpima, akasema hebu nionyesheni mnavyokoroga maziwa. Mama watoto akachukua kijiko cha kopo, akachota, kikajaa mlima.

"Mama, vijiko vingapi vya hivyo?"

"Vinne. Mtoto ashibe."

"Kopo linasema viwili, na unasawazisha kwa kisu."

Binti alimtazama mama yake. Mama yake aliutazama ukuta. Mimi, kwa hali yangu ya sasa katika nyumba hii, sina ruhusa ya kucheka, kwa hiyo niliomba kuonyeshwa choo kiko wapi.

Usiku huu nyumba imetulia. Mtoto amelala saa nne mfululizo. Mama watoto kaketi karibu nami, akasema, "Wewe viroboto, mimi kijiko. Mungu ametuonea huruma." Ni maneno ya kwanza marefu tangu Jumamosi.

Jumamosi, Aprili 13

Mvua imerudi, ile ya kweli, ya kutwa. Jana tangazo liliondolewa, lakini mtaani kwetu watu bado wanayaangalia mabomba kwa jicho la pembeni, na madumu bado yamepangwa kusubiri gari.

Nilivuka uani kwa jirani. Mvua inaninyeshea, sikutaka mwavuli. Mke wa jirani alikuwa barazani anashona, mwanawe anacheza na vibanio vya nguo miguuni pake. Nikamwambia yote. Siyo yale ya gari la matangazo, hayo anayajua. Nilimwambia kwamba Alhamisi ile, aliponiita nichote kwake, nilikuwa najua. Nilimwona mtoto anakunywa, nikasema asante, nikaingia ndani.

Aliacha cherehani. Hakunikaribisha kukaa. Mvua ilipiga bati muda mrefu, na mimi sikuongeza neno, maana kila nililotaka kuongeza lilikuwa la kujikosha.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati. Akaenda kwenye bomba lake, akalifungua, akakijaza mpaka juu, akanishikisha.

"Kunywa," akasema.

Nilikunywa chote, yeye akinitazama koo. Akakipokea, akakijaza tena, akamwita mwanawe aje anywe.